Kazi yangu ni kuuliza: alikufaje?

Saa 12:00 asubuhi

Kabla sijavaa viatu naangalia kishikwambi kama kimejaa chaji. Kikizima katikati ya mahojiano, utamwambiaje mfiwa aanze upya kusimulia mwanawe alivyokata roho? Ilinitokea mara moja, mwaka wangu wa kwanza kazini, na sitaki inirudie. Siku hizi nabeba betri ya akiba, daftari na kalamu mbili.

Watu wakisikia nashughulika na vifo hudhani niko mochwari. Sipo huko. Nusu ya siku nasoma vyeti vya vifo vilivyotoka hospitalini na kuvipa misimbo, yaani alama za herufi na namba zinazotaja sababu ya kifo, nusu nyingine naenda kwa familia za waliofia nyumbani, ambao hakuna daktari aliyewaandikia neno. Na hao ni wengi. Duniani karibu vifo vinne katika kila kumi havisajiliwi kabisa, na pengo kubwa liko kwenye nchi zetu hizi zinazoitwa zinazoendelea.

Saa 1:30 asubuhi

Rundo la leo ni vyeti 41.

Kwa asiyekifahamu: cheti cha kitabibu cha kifo kina sehemu mbili. Ya kwanza ina mistari kadhaa inayoshuka. Kwenye (a) unaandika hali iliyommaliza mgonjwa, kwenye (b) kilicholeta hali hiyo, (c) kilicholeta hicho nacho, mpaka uguse mzizi. Pembeni unaandika kila kimoja kilianza lini. Sehemu ya pili ni ya magonjwa mengine yaliyochangia. Sisi wa misimbo tunausaka mstari wa chini kabisa, yaani chanzo cha msingi, kwa sababu ndicho kinachoingia kwenye takwimu za nchi.

Cheti cha kwanza: (a) moyo na mapafu kusimama. (b) patupu. (c) patupu.

Cha tatu: moyo kusimama. Cha saba: moyo kusimama, na safari hii kwa herufi kubwa, kana kwamba mwandishi alijua nitabisha. Nikimaliza rundo nimehesabu tisa.

Moyo kusimama si ugonjwa, ndiko kufa kwenyewe. Kijana aliyegongwa na pikipiki, moyo wake ulisimama. Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, moyo wake ulisimama. Bibi wa miaka 90, vilevile. Kwenye Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, ICD-10, hali hiyo ina msimbo wake, I46.9, na inapokelewa bila shida, kompyuta haikasiriki. Christopher Murray na Alan Lopez, waliokuwa wakipima mzigo wa magonjwa duniani miaka ya 1990, waliyapa maandishi ya aina hii jina linaloweza kutafsiriwa kuwa misimbo ya takataka. Ndugu zake ni R54, uzee, na R99, sababu isiyojulikana. Ripoti ikijaa hizo, waziri ataletewa kitabu kizima kinachomwambia kwamba wananchi wake wamekufa kwa sababu wamekufa.

Kimoja kimenifurahisha, ingawa najua furaha ya namna hii ni ya ajabu. (a) Damu kuvuja kwenye ubongo, saa 6. (b) Shinikizo la juu la damu, miaka 12. Mwandiko safi, mnyororo umenyooka. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo hata madaktari wengi hawalijui: kwa kanuni za ICD-10, presha ya kupanda, I10, ikitajwa pamoja na kiharusi, kiharusi huimeza. Marehemu anaandikiwa I61, basi. Kwenye jedwali la mwisho wa mwaka, presha iliyomtafuna mtu miaka 12 haionekani. Ndiyo maana nawasumbua wenzangu tuhifadhi mistari yote ya cheti, tusibaki na msimbo mmoja uliochaguliwa.

Nikichoka huwa nakumbuka London ya miaka ya 1600. Kina mama wazee waliajiriwa kwenda kutazama maiti na kuuliza kilichoua, kisha orodha zikachapishwa kila wiki. Mfanyabiashara mmoja wa huko, John Graunt, alizichambua mwaka 1662, na takwimu za vifo tunazozijua leo zimeanzia hapo. Kwenye orodha hizo kulikuwa na watu waliokufa kwa “meno”. Walikuwa watoto wadogo, waliofariki wakati wa kuota meno. Tunawacheka, lakini vizazi vijavyo vikikuta moyo kusimama kwetu sijui vitasema nini.

Saa 3:15 asubuhi

Napiga simu wodini. Anapokea daktari kijana, sauti ya mtu aliyekesha.

“Daktari, pole na kazi. Kuna cheti chako cha juzi, mama wa miaka 34. Umeandika moyo kusimama tu.”

“Dada, nilimkuta ameshafariki. Niliambiwa andika, ndugu wanasubiri kibali cha kuzika.”

“Faili lake lilikuwa linasema nini?”

Kimya. Karatasi zinapekuliwa. “Alijifungua siku tisa kabla. Alikuja na homa kali na tumbo limejaa.”

Basi huyo si wa moyo. Ni kifo cha uzazi, maambukizi baada ya kujifungua, na kingepita hivihivi. Mwaka 2020 wanawake wapatao 287,000 walikufa duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi, karibu wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hayo ni makadirio, na makadirio hujengwa juu ya vyeti kama hiki. Sikumlaumu yule daktari. Hakuna aliyewahi kumkalisha saa moja akamfundisha kujaza ile fomu. Alipewa kalamu tu.

Nimemwomba arekebishe. Kasema atarekebisha.

Saa 5:00 asubuhi

Njiani. Dereva wetu ameanza kazi hii kabla yangu, na ana kumbukumbu kuliko kompyuta ya ofisi. Hojaji zetu ziko za aina tatu: ya mtoto mchanga wa chini ya siku 28, ya mtoto mpaka miaka 11, na ya kuanzia miaka 12 kwenda juu. Anasema zamani, enzi za karatasi, hojaji ya mtoto ndiyo iliyokuwa ikiisha mapema na kuagizwa upya. Surua, kuhara, malaria, nimonia. Siku hizi ya watu wazima ndiyo inayotushinda kasi.

Alichokiona yeye kwenye boksi la karatasi ndicho kilichotokea duniani. Mwaka 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 93 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 37. Chanjo, vyandarua, dawa mseto, maji ya chumvichumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: vitu vya kawaida mno kwa kazi kubwa hivyo. Vifo vya UKIMWI navyo vimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu kilele chake mwaka 2004. Waliookoka wamekua, na mtu mzima ana magonjwa yake. Kwa dunia nzima, takriban vifo vitatu katika kila vinne ni vya magonjwa yasiyoambukiza, na vingi vya hivyo vinatokea nchi zisizo tajiri.

Mtaalamu wa afya ya jamii, Abdel Omran, aliandika mwaka 1971 kuhusu mpito huu: njaa na magonjwa ya mlipuko yanarudi nyuma, magonjwa ya muda mrefu yanashika nafasi. Darasani unachorewa kama ngazi, unatoka daraja hili unakanyaga lile. Mimi ngazi hiyo sijaiona kazini. Naona nyumba moja, chumba hiki malaria, chumba kile kisukari, na mlango wa katikati uko wazi.

Saa 6:20 mchana

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Mkewe alifariki miezi mitatu iliyopita, nyumbani. Kwenye orodha yetu mtoa taarifa ameandika: malaria. Najitambulisha, naeleza kwamba anaweza kukataa swali lolote, au kunifukuza kabisa. Anacheka kidogo. Kisha naweka kishikwambi pembeni, maana kabla ya maswali ya ndiyo na hapana lazima umwache mtu asimulie kwa maneno yake. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukikimbilia kubonyeza, utapata majibu na utakosa habari.

Anaanza na homa. Kila mtu huanza na homa. Halafu anasema, kama mtu anayetaja kitu kisichohusika: “Alikuwa anapenda sana maji. Usiku anaamka mara nne, mara tano, anakunywa, anatoka nje. Mpaka nikamhamishia ndoo karibu na kitanda.”

“Tangu lini, baba?”

“Mwaka jana. Akawa anakonda. Na kidonda cha mguu hiki,” anagusa unyayo wake, “kikawa hakifungi.”

Anaingia ndani, anarudi na mfuko wa plastiki aliouhifadhi na vitu vya marehemu. Ananimwagia juu ya mkeka. Maganda ya vidonge vya dawa mseto ya malaria, dozi tatu, zote zimemezwa hadi kidonge cha mwisho. Za maumivu. Za antibaiotiki, nusu. Na daftari la kliniki lenye tarehe nne. Kila tarehe, homa. Mara mbili kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu na bado dawa ikaandikwa. Nimepekua kurasa zote. Hakuna mahali alipochomwa kidole apimwe sukari.

Siku mbili za mwisho alikuwa akihema kwa nguvu, pumzi ndefu, akichanganya majina ya watoto.

Ndipo nikashika kishikwambi. Alikuwa na kiu kupita kawaida? Ndiyo. Alikojoa mara nyingi? Ndiyo. Alikuwa na kidonda mguuni? Ndiyo. Alipungua mwili? Mzee ananitazama. “Kumbe haya yote mnayo humo?”

Yamo, baba. Yamo yote.

Tulipomaliza akauliza swali ambalo huulizwa karibu kila nyumba: “Mtarudi kuniambia?” Taratibu zetu zinasema hapana. Jibu la mtu mmoja mmoja linaweza kukosea, lina maana likijumlishwa na mamia mengine. Naielewa hoja hiyo na siipendi. Tunachukua saa nzima ya huzuni ya mtu, tunaondoka nayo. Nilimwambia nisingeweza kumpa jibu, ila watoto wake wakubwa wakapime sukari. Hilo halimo kwenye mwongozo.

Saa 9:00 alasiri

Nyumba ya pili ni ya kifo cha mtoto mchanga. Kitabu cha kituo kimeandika: alizaliwa mfu. Mama mtu ana miaka 20 hivi, amekaa na bibi yake.

Hojaji ya mchanga ina maswali matatu ambayo bado yananikausha koo. Alilia, hata kidogo? Alipumua? Alijongea?

Bibi anajibu upesi: “Hakulia.” Najua anataka kumkinga mjukuu wake, yaishe. Nasubiri. Kwenye maswali haya unasubiri mpaka unaona aibu.

“Alinishika,” anasema yule binti. “Nilipewa kifuani. Akakunja vidole, hivi.” Anauonyesha mkono wake mwenyewe, kidole cha shahada kikiwa ndani ya ngumi ya mkono mwingine. “Halafu akaacha.”

Kwa fasili ya Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyeonyesha dalili yoyote ya uhai baada ya kutoka, pumzi, mapigo ya moyo, kitovu kudunda, msuli kujongea, amezaliwa hai. Huyu basi alizaliwa, akafa. Anatoka safu moja ya jedwali anaingia nyingine. Vifo vya watoto wachanga huhesabiwa kwa waliozaliwa hai tu. Aliyeandikwa mfu hayumo. Dunia inakadiriwa kuwa na vifo vya wachanga milioni 2.3 mwaka 2022, karibu nusu ya vifo vyote vya chini ya miaka mitano, na takriban milioni 1.9 kwa mwaka huzaliwa wafu. Kati ya namba hizo mbili kuna mpaka, na mara nyingi anayeuchora ni mtu aliyechoka aliyeshika kalamu chumba cha uzazi, akijua kwamba kifo cha mchanga kitaitiwa kikao na mfu hataulizwa. Kituo kinaweza kuonekana kimeboreka bila mtoto mmoja kuokolewa.

Niligusa “ndiyo” kwenye alijongea. Binti akauliza kama nimeandika. Nikamgeuzia kioo aone.

Saa 11:30 jioni

Ofisini, data inapanda. Programu tunayotumia ni InterVA, ya Peter Byass na wenzake: inapokea majibu na kutoa uwezekano wa kila sababu. Kwa mke wa mzee imeweka kisukari juu kwa mbali, malaria chini kabisa. Ni namba tu kwenye safu, lakini nimeikodolea macho muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

Kwa mtoto imeweka kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Saa 2:10 usiku

Nipo nyumbani, simu inaita. Daktari yule wa asubuhi, yuko zamu tena.

“Dada, nina cheti hapa. Mzee, kiharusi, nimeandika kwenye (a). Faili halisemi kitu kingine. Kwenye (b) niweke nini?”

“Ndugu zake bado wapo?”

“Mkewe yuko hapo kwenye benchi.”

“Muulize presha ilianza lini. Muulize taratibu, yeye ndiye mwenye miaka yote.”

Hakukata simu. Nilisikia viatu vyake vikitembea, kiti kikivutwa, halafu sauti yake ikiwa imeshuka: “Pole sana, mama. Nina swali moja.”