Stelingi Hafi

Nimerudi nyumbani saa nne na nusu usiku, na kabla sijavua hata viatu nimekaa kuandika, maana kesho asubuhi nitakuwa nimeshasahau namna moyo ulivyokaa. Nimetoka kutazama picha mpya ya mashujaa, hawa wa kuruka na kurusha radi. Picha yenyewe si mbaya. Kilichonisumbua ni ukumbi. Tulikuwa watu 11, niliwahesabu taa zilipowaka, kila mmoja kajitenga na safu yake, na kwa saa mbili na ushee hakuna aliyeguna, hakuna aliyeshika kichwa, hakuna aliyemwambia stelingi, yaani shujaa wa picha, "nyuma yako!" Ghorofa zima liliporomoka kwenye skrini, na nilichosikia mimi ni kijana wa nyuma yangu akitafuna bisi.

Nikatoka na upweke ambao sikuingia nao.

Nilikulia Tanga, Ngamiani, miaka ya tisini. Kumbi kubwa za zamani zilikuwa zinafungwa mojamoja, video zimeshaingia mitaani, kwa hiyo sinema yangu ya kwanza ni banda umiza. Kuta za mabati, magunia madirishani ili mwanga usiingie, televisheni ya chogo juu ya meza, chini yake deki, na mbele yake mabenchi ambayo ukiyakalia picha mbili mfululizo unatoka unatembea kama bibi. Wasichana tulikuwa wachache. Mimi nilipelekwa na kaka yangu, kwa sababu Mama alimwambia hatoki nyumbani bila mimi, naye alikuwa radhi kunibeba mgongoni kuliko kukosa picha.

Kaka ndiye aliyenifundisha sheria. Stelingi akipigwa hadi damu inamtoka mdomoni, akining'inizwa juu ya maji yenye mamba, mimi nikiwa nimeshaziba macho, alikuwa ananinong'oneza: "Tulia. Stelingi hafi." Na kweli hakufa. Angekufaje, na watu 60 wanamsimamia? Banda zima lilikuwa linampa maelekezo. "Usiiweke bunduki chini we!" "Huyo mwanamke msaliti, tulimwona jana!" Juu ya yote hayo sauti ya Lufufu kwenye kaseti inatafsiri, inaongeza chumvi, na watu wanamjibu na yeye pia. Shangazi yangu anasema hata Drive-in ya Dar es Salaam, ile iliyokuwa Msasani pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, watu walikuwa wanapiga honi adui akikamatwa. Sikuwahi kuiona, lakini namwamini kabisa.

Basi ikaja Februari 2018, na Black Panther ya Ryan Coogler. Kaka ameshahamia Dar, mimi nimeshaanza kazi, tukakata tiketi siku mbili kabla, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya maishani. Ukumbi ulijaa hadi safu ya mbele kabisa, ile ya kuvunja shingo. Watu wamevaa vitenge, wamejifunga mashuka ya Kimasai, dada mmoja kavaa shanga tangu kidevuni hadi mabegani, akawa hawezi kugeuka vizuri. Taa zikazimwa. Na neno la kwanza kabisa kusikika katika picha ile ni "Baba". Mtoto anamwita baba yake ampe hadithi.

Ukumbi ukaguna. Haikuwa kelele. Ni ule mguno mtu anaoutoa akisikia anaitwa jina lake mahali ambapo hakutegemea mtu wa kumjua. Miaka yote tumewatazama mashujaa wakiwaita baba zao kwa neno la kwao. Siku ile neno lilikuwa letu.

Wakubwa wa Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuni ya picha hii, wanazungumza Kixhosa humo ndani, lugha aliyoileta John Kani tangu alipocheza mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya 2016. Sidhani kama kuna aliyekijua pale, lakini Kibantu ni Kibantu, sikio linadaka hapa na pale. Kisha yakaja majina. Forest Whitaker, mzee mzima mwenye kanzu ya zambarau, anaitwa Zuri. Watu walicheka kwa mapenzi, mtu akaita "Shikamoo Mzee Zuri!" Kabila la milimani linaitwa Jabari, na hapo hatukuhitaji Lufufu. Wale Jabari walipomkatiza mgeni mmoja wa Kimarekani kwa kumbwekea, asipate nafasi ya kuanza kuongea mbele ya wenye nyumba, nusu ya ukumbi walibweka nao.

Lakini nilichokiona kwa karibu zaidi ni habari ya wigi. Danai Gurira ndiye Okoye, jemadari wa wale wanawake walinzi. Wamemvika wigi aingie nalo kwenye kasino huko Busan, Korea Kusini, na tangu anaingia analilalamikia. Ugomvi unapozuka, analivua na kumtupia adui usoni. Mbele yangu walikaa kina mama watatu, nadhani wafanyakazi wa ofisi moja, wote wana mawigi. Wa katikati alipiga kigelegele kimoja kikali cha kupasua sikio, akalishika la kwake kwa mikono miwili kama anataka kulivua naye, kisha akamwangukia mwenzake begani, mgongo unatetemeka kwa kicheko. Bisi zikamwagika zote. Mwenzake wa kulia akawa anaziokota gizani moja moja na kuzirudisha kwenye boksi, huku anafuta machozi kwa kiganja, anasema, "We mama we, utatuua leo." Kwa muda mrefu hatukusikia kinachosemwa kwenye skrini. Okoye alikuwa ameshashuka ghorofani na mkuki wake, sisi bado tuko kwenye wigi.

Hapo ndipo bwana mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Jamani, tumelipia kusikia." Kaka, ambaye alikuwa anapiga makofi, akashusha mikono.

Nimeufikiria sana usemi ule. Simlaumu yule bwana, tiketi si bei ya karanga. Lakini nadhani alichanganya kelele za namna mbili. Ipo kelele inayotoka kwenye picha yenyewe, inapita ndani ya mtu, inatokea mdomoni: kigelegele, mguno, "Mungu wangu!" Hiyo ni ya wote, na anayeitoa hajui hata kama ameitoa. Na ipo kelele aliyokuja nayo mtu kutoka nyumbani: simu inayowaka usoni kwako, stori za madeni, na yule anayesimulia kitakachotokea mbele kwa sababu ameshaitazama. Ngamiani, msimuliaji wa namna hiyo alikuwa anatolewa nje na pesa yake harudishiwi. Sisi hatukuwa watu wasio na adabu. Tulikuwa na adabu ya aina nyingine, na ilikuwa kali.

Tena ukumbi unaopiga kelele unajua kunyamaza. Mwisho wa picha ile Killmonger, ambaye ndiye adui, anakufa anatazama machweo. Michael B. Jordan anaomba azikwe baharini pamoja na wahenga wake waliojirusha kutoka melini, walioona heri kifo kuliko utumwa. Bandani adui akifa watu wanasimama, wanapigana mabega. Siku ile hakuna aliyepiga hata kofi moja. Sisi tuliokulia pwani tulipelekwa Bagamoyo na walimu wetu tukiwa na sare za shule, tukaonyeshwa minyororo. Bahari yake Killmonger ni nyingine, meli ni nyingine, lakini ile minyororo tunaifahamu. Kaka aliweka mikono yake magotini akaiacha hapo. Kina mama watatu wa mbele walikaa wima. Na yule bwana wa nyuma, aliyetaka kusikia, nadhani alisikia vizuri kabisa.

Miezi miwili baadaye ikaja Avengers: Infinity War, na tulienda tukiwa bado na furaha ya ile ya kwanza. Thanos, adui wa picha ile, alipofyatua vidole vyake, watu wakaanza kugeuka vumbi, mmoja mmoja, na ukumbi ukawa unawataja majina kila anapoondoka, kama kwenye kisomo. Kisha tukamwona Okoye ameanguka. T'Challa, mfalme wa Wakanda na stelingi wetu wa Black Panther, anamwinamia, anampa mkono, anamwambia ainuke, hapa si mahali pa kufia. Na ni yeye T'Challa anayegeuka majivu, mkono ukiwa bado umenyooka.

Pembeni yetu alikaa mtoto wa kiume, sijui miaka saba au minane. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama yuko sebuleni kwao: "Baba, si ulisema stelingi hafi?"

Baba yake hakujibu. Kaka ndiye aliyeshusha pumzi, kana kwamba ameulizwa yeye. Picha likaisha, taa zikawaka, na hakuna aliyesimama. Watu siku hizi wanabaki hadi majina yote yapite kwa sababu wanajua kuna kipande kimefichwa nyuma, lakini siku ile walikuwa wamekaa tu. Mfanyakazi wa usafi alikuwa ameshaingia na ufagio na kizoleo chake. Alitutazama, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mlangoni na kutusubiri. Nilimshukuru moyoni.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2019, katika Avengers: Endgame, ile milango ya mwanga ilipofunguka na wa kwanza kutokea akawa T'Challa, mzima, Okoye huku na Shuri, dada yake, huku, sikusikia muziki wala sikusikia neno. Kaka alinigeukia, mtu mzima na ndevu zake, akanipigia kelele usoni: "Nilikwambia!" Mimi nalia, yeye anacheka, mtu nisiyemjua ananitikisa bega kutoka nyuma.

Kisha tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, akafariki, kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Kumbe aligunduliwa nayo tangu 2016. Zile picha zote tulizompigia vigelegele alizicheza akiwa mgonjwa, na sisi tuko gizani tunamwambia ampige adui.

Novemba 2022 tukaenda Wakanda Forever, mwendelezo wa Black Panther. Ukumbi ulijaa tena, mashuka na shanga zilikuwapo tena, lakini watu waliingia kama wanaoingia msibani, wanasalimiana kwa sauti ya chini. Ile miaka miwili iliyotangulia, kila mmoja pale alikuwa amezika mtu. Picha linaanza na Shuri, ambaye ni Letitia Wright, anahangaika kumtafutia kaka yake dawa, na kabla hajaipata kaka yake ameshaondoka. Nembo ya Marvel, kampuni inayotengeneza picha hizi, ambayo kila siku inapita kwa kishindo cha tarumbeta, safari ile ilipita na sura za Boseman tupu, bila muziki. Katikati ya ukimya ule sauti ya mzee mmoja, polepole, ikasema: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Na ukumbi ukaitikia. Wengine kwa Kiarabu, wengine "apumzike kwa amani", wengine mguno tu. Hakuna aliyesema amelipia kusikia. Kwenye maziko yake Wakanda nzima imevaa nyeupe, jeneza linapita, watu wanacheza ngoma ya kumsindikiza, na mimi nikashika mkono wa kaka yangu, kitu ambacho sijakifanya tangu banda la Ngamiani. Hakuutoa.

Mwishoni Shuri yuko Haiti, peke yake ufukweni, anachoma nguo zake za msiba. Kushoto kwangu alikaa mama wa makamo, kajitanda kanga mabegani kwa baridi ya kiyoyozi. Akasema, si kwa kuniambia mimi, "Anaanua tanga." Basi. Maneno mawili. Aliyeiandika picha ile Marekani sijui alilikusudia nini tendo lile, lakini yule mama alilipa jina lake, la kumaliza msiba, na baada ya hapo sikuweza kuliona kwa namna nyingine.

Kisha anatokea Nakia, Lupita Nyong'o, na mtoto wa kiume. Huko Haiti anaitwa Toussaint. Shuri anamuuliza, na mtoto anamtajia jina lake la pili: yeye ni T'Challa, mwana wa mfalme T'Challa.

Vigelegele nilivyovisikia hapo havikuwa vya sinema. Vilikuwa vile vya asubuhi, mkunga akitoka mlangoni na kusema ni mwanamume. Yule mama wa kanga alisimama kabisa, akapiga na kurudia, akapokelewa na wa nyuma, wakapokelewa na wa juu, na wanaume wanapiga makofi. Kaka hakusema kitu. Alikuwa anatikisa kichwa tu, taratibu, anatazama skrini iliyokwisha kuwa nyeusi.

Saa hizi ni saa sita kasoro. Nimemwandikia ujumbe kwamba Jumamosi twende tukaitazame ile picha niliyoitazama leo, ile ile, nitamlipia mimi, na asije peke yake, aje na mkewe na watoto na jirani yake yule anayecheka kwa nguvu. Amejibu sasa hivi. Anauliza saa ngapi.