Kiwavi aliyeacha kula

Leo alfajiri, kabla ya kwenda kazini, nimepitia kishamba changu cha Ruai.

Wiki iliyopita viwavijeshi, wale wageni walioingia Kenya mwaka 2017, walikuwa wameyatoboa majani ya mahindi yangu hadi yakawa kama chujio. Jirani alinishauri ninunue sumu kali ya dukani, nami nikakataa kwa sababu sukuma wiki tunayoila imepandwa papo hapo.

Badala yake nilitwanga mbegu za mwarobaini, nikaziloweka usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike, kisha juzi nikanyunyiza katika moyo wa kila mhindi baada ya jua kuzama, maana jua huiharibu dawa hiyo upesi.

Jana sikuona tofauti yoyote.

Leo nimefunua jani moja.

Kiwavi yumo, yu hai, na ile alama ya Y iliyopinduliwa inaonekana wazi usoni, lakini ameacha kula. Kinyesi chake, kinachofanana na unga wa mbao, kimekauka na hakuna kipya. Mwarobaini hauui papo hapo. Humwondolea mdudu hamu ya kula na kumzuia kujibambua ngozi ili akue. Nimesimama nikimtazama, viatu vikilowa umande, hadi nikaachwa na matatu.

Wakubwa waliojificha ndani kabisa bado wanakula, nao nimewatoa kwa mkono.

Wenzangu, nani amejaribu majivu? Na mliopanda desmodiamu kati ya mahindi kwa mbinu ya vuta-sukuma (mmea huo huwafukuza wadudu, na nyasi za kando huwavuta), mbegu mlizipata wapi?