Alijua nimesimama wapi

Nimetoka sasa hivi kwenye kibanda cha gemu hapa Busia. Mikono bado inatetemeka.

Tulikuwa mechi ya mtandaoni, mimi na mpwa wangu, dhidi ya watu tusiowajua. Nikajibanza nyuma ya ukuta, kimya, sijafyatua hata risasi moja.

Nikauawa.

Gemu ikarudia tukio kwa jicho la aliyeniua. Ile alama ya shabaha ilikuwa imenigandia kifuani tangu nikiwa upande wa pili wa ukuta! Nilipoinama, ikainama. Nilipohama, ikahama nami. Programu ya kudanganya ile, inayolenga yenyewe, si mkono wa mtu.

Mpwa wangu ana miaka 12. Akaweka pedi ya kuchezea gemu chini taratibu.

"Anko, kwa hiyo hata tukifanya mazoezi?"

Nilikosa jibu.

Januari 2011, ufunguo mkuu wa PlayStation 3, namba za siri zilizolinda mashine hiyo ya gemu isichezewe, ulipoanikwa mtandaoni, mechi zilijaa wadanganyifu hivihivi. Rafiki zangu kadhaa waliacha kucheza moja kwa moja. Sitaki naye aache.

Nimeshamripoti yule mtu.

Nyie wa Kampala, Jinja, Mbale, mkikutana na mtu kama huyo mnafanyaje? Niandikieni, nitamsomea mtoto usiku huu.