Wiki Moja Kampasini

Jumamosi, saa nne usiku.

Nimerejea nyumbani leo mchana na begi bado liko mlangoni. Nimeona heri niandike kabla sijalifungua, kwa kuwa Jumatatu nitarudi kazini na mambo ya wiki hii yataanza kufifia.

Kwa muda wa miezi 14 nimekuwa nikisoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa njia ya mtandao, mara nyingi kuanzia saa tatu usiku watoto wakishalala. Utaratibu wa masomo unamtaka kila mwanafunzi akae kampasini wiki moja, na nakiri kwamba nilifunga safari shingo upande. Nusu ya likizo yangu ya mwaka ilikuwa inakwenda huko, na sikuona ni kitu gani kingefundishwa darasani ambacho hakingeweza kufundishwa kwenye skrini.

Jioni ya kwanza, ukumbini, nilimtambua mwenzangu mmoja kwa kikohozi chake kabla sijageuka kumtazama. Tulicheka sana. Mihadhara ya siku mbili za mwanzo sitaieleza kwa urefu, isipokuwa niseme kwamba kujadili uchunguzi kifani, yaani kisa cha kampuni kinachotaka uamuzi, ana kwa ana ni shughuli nyingine kabisa: mhadhiri hangoji mtu anyooshe mkono, bali hukusogelea hadi mbele ya meza yako na kukuuliza wewe kama mkurugenzi ungeamua nini, na hapo hakuna kitufe cha kuzima kamera.

Siku ya tatu ndiyo iliyonikaa. Tulicheza mchezo wa bia, ule uliobuniwa katika shule ya usimamizi ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwa ajili ya kufundisha mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa kutoka kiwandani hadi kwa mteja. Bia yenyewe haipo. Kuna ubao mrefu mezani, vibao vidogo vinavyowakilisha kreti, na vikaratasi vya oda. Mmoja huwa muuzaji wa rejareja, wa pili muuzaji wa jumla, wa tatu msambazaji na wa nne kiwanda. Kila kreti inayolala ghalani hugharimu nusu dola kwa wiki, na kila kreti unayodaiwa na mteja wako hugharimu dola nzima. Kila mmoja huagiza kwa jirani yake wa juu, upande wa kiwanda: oda hutumia wiki mbili kufika juu na mzigo hutumia wiki mbili kushuka. Sharti kubwa ni kimya: huruhusiwi kumwambia jirani yako lolote, unasukuma kikaratasi tu.

Mimi nilikuwa muuzaji wa jumla. Msambazaji wangu, kwa bahati au kwa makusudi ya mhadhiri, alikuwa yule mhandisi wa kundi letu la masomo ambaye huwa hafungui kamera na hujibu ujumbe baada ya siku mbili. Mwisho wa muhula uliopita, katika tathmini ya wenza, ambapo wanakundi hupeana alama, nilimpa alama 2 kati ya 5, na nikalala usingizi mzuri.

Wiki ya saba ya mchezo oda kutoka chini zilianza kupanda. Niliagiza 8, kisha 16, na mzigo haukuja. Niliagiza 24. Zikaja kreti 3. Kufikia wiki ya kumi na moja niliandika 40, na karatasi hiyo nimerudi nayo: wino umekolea kwa jinsi nilivyoikandamiza kalamu. Nilimtazama mhandisi akiwa ameinama juu ya ubao wake, nami nikajisemea moyoni, ndivyo alivyo. Wiki chache baadaye kreti zote nilizoagiza kwa hasira zikashuka kwa mkupuo, ghala likafurika, nami nikaandika sifuri wiki baada ya wiki.

Mchezo ulipokwisha mhadhiri alituuliza tunadhani mteja wa mwisho alikuwa akinunua kiasi gani, tukachora vilima na mabonde. Kisha akafunua kadi. Mteja alinunua kreti 4 kila wiki hadi wiki ya nne, na kuanzia ya tano akanunua 8 bila kubadilika tena. Mawimbi yote yale tuliyatengeneza wenyewe, na wataalamu huyaita athari ya mjeledi, kwa kuwa mkono ukitikisika kidogo ncha ya mjeledi hurushwa mbali. Mhadhiri alituambia tusione haya: John Sterman, profesa wa MIT, katika utafiti wake wa mwaka 1989, alikuta gharama za wachezaji zikizidi gharama za uamuzi bora takribani mara kumi kwa wastani.

Lakini mimi nilikuwa nimeishika karatasi ya mhandisi. Katika wiki zile nilizokuwa nikimlaani, safu yake ya akiba ilikuwa sifuri mfululizo. Kila kreti iliyomfikia alinisukumia wiki hiyohiyo, huku deni lake likipanda.

Usiku tulipokuwa tunakula nilimuuliza kwa nini hujibu ujumbe baada ya siku mbili. Alinieleza kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka anakaa kwenye eneo la ujenzi ambako mtandao hupatikana alfajiri tu, tena kwa kupanda juu ya tangi la maji. Kisha akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba ziko wiki ambazo alikuwa mvivu tu. Nilipenda alivyosema hivyo. Aliniuliza kwa nini sikuwahi kumpigia simu, nami nikakosa jibu, maana namba yake ilikuwa katika orodha ya kundi tangu siku ya kwanza.

Sikumwambia kuhusu ile alama 2. Kundi letu lina watu watano, kwa hiyo si fumbo gumu kwake kulifumbua. Tathmini ile imeshafungwa na haifunguki tena.

Leo jioni nimemtumia ujumbe kumuuliza kama amefika salama. Mpaka sasa una tiki moja ya kijivu, yaani haujamfikia. Kesho alfajiri nitampigia.