Kwao Robert Recorde

Tulishuka kwenye treni saa nne na nusu asubuhi. Kibao cha kituoni kina majina mawili, Tenby na Dinbych-y-pysgod, na hilo la pili ni la Kiwelisi, lugha ya Wales, maana yake ngome ndogo ya samaki. Binti wa kaka yangu ni muuguzi Swansea. Alikuwa na siku moja tu ya mapumziko na alitaka kunipeleka Cardiff madukani. Nikamwambia, mwanangu, maduka yatanisubiri. Nipeleke kwao Robert Recorde, yule mwalimu wa hesabu wa kale. Hakumjua. Wengi hawamjui, ingawa kila aliyewahi kuketi darasani ametumia kitu chake.

Nilikusudia kwenda kanisani kwanza, maana huko ndiko kuna kumbukumbu yake. Bahari ikaniteka njiani. Tulitokeza juu ya bandari, nyumba za rangi ya pinki, manjano na samawati zimepangana ukingoni kama kanga kambani, na chini yake hakuna maji hata tone. Mashua zimelalia ubavu mchangani, kamba zimelegea, minyororo ya nanga iko wazi. Moja ya buluu ilikuwa imeinama sana hivi kwamba niliiona tumbo lote.

Zilikuwa zimepita siku mbili tangu mwezi mpevu, kwa hiyo ni bamvua. Katika pwani hii ya Pembrokeshire maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 7, kimo cha nyumba ya ghorofa. Mimi hujisikia nyumbani popote watu wanapoulizana saa ya maji kabla ya kupanga jambo. Hapa wanaulizana. Hata boti za kwenda kisiwa cha Caldey, ambako watawa wa Kikatoliki wa shirika la Cistercian wanaishi tangu 1929 na hutengeneza chokoleti na manukato, hubadilisha mahali pa kupakilia abiria: maji yakijaa ni bandarini, yakipwa ni kwenye ufuo wa Castle Beach. Caldey hatukwenda. Ningekwenda, ningeikosa siku ya mjini.

Tulishuka Castle Beach tukavua viatu. Mbele yake kuna kisiwa cha St Catherine, na juu ya kisiwa kuna ngome nzito ya mawe iliyoanza kujengwa mwaka 1867, wakati Uingereza ilipokuwa inaihofia Ufaransa. Siku ile asubuhi na jioni kilikuwa kisiwa hasa; saa saba kasoro mchana tulikiendea kwa miguu, mchanga mgumu na wa baridi, vidimbwi vyenye kaa wadogo, kome wameganda kwenye miamba. Tulizunguka polepole. Binti aliweka kiganja kwenye mwamba uliolowa, juu kabisa ya kichwa chake, akasema, "Shangazi, ina maana hapa tulipo ni chini ya bahari?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba tuna kama saa mbili kabla ya bahari kurudi kwake.

Nikachukua mwavuli, nikachora mchangani kwa ncha yake mistari miwili mirefu, sambamba, urefu sawa. "Huyu ndiye Recorde," nikamwambia.

Recorde alizaliwa katika mji huu miaka 500 hivi iliyopita. Akawa daktari, na akawa mwalimu wa hesabu kwa njia ya vitabu. Aliviandika kwa Kiingereza wakati wasomi walikuwa wanaandika Kilatini, ili mtu asiyesoma Kilatini naye ajifunze, na aliviandika kama mazungumzo: mwanafunzi anauliza, mwalimu anajibu, mwanafunzi anakosea, mwalimu anamrudisha njiani. Katika kitabu chake cha algebra cha mwaka 1557 alieleza kwamba amechoka kurudia maneno "ni sawa na", hivyo ataweka mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa kuwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Mistari yake ilikuwa mirefu kuliko tunayoandika leo. Mwaka uliofuata alifariki akiwa gerezani London.

Nimefundisha hesabu miaka 31. Sijui nimeiandika alama ile ya = mara ngapi ubaoni, na kwa miaka mingi sikujiuliza ni nani aliyeiandika mara ya kwanza.

Baada ya samaki na chipsi tulifuata ukuta wa mji. Ukuta ni wa karne ya 13, ukaimarishwa katika karne ya 15 na Jasper Tudor, kabaila wa Pembroke. Mwaka 1471 Jasper aliponea hapahapa, akipanda chombo kukimbilia Brittany, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, pamoja na mpwa wake Henry, kijana wa miaka 14 ambaye baadaye akawa mfalme Henry VII wa Uingereza. Lango la Five Arches watu wanalipita wakiwa na aiskrimu mkononi. Lilinipendeza hivyo, bila kamba ya kulizungushia.

Kanisani St Mary palikuwa kimya. Kumbukumbu ya Recorde iko ukutani, na mtu mwenye haraka ataipita. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Sikuwa na sala maalumu. Nilimwamkia tu kimoyomoyo, kama unavyomwamkia mwalimu wa mwalimu wako, nikamtaka radhi kwa kuchelewa. Binti alisimama nyuma yangu kwa adabu, hakupiga picha mpaka nilipomwambia apige.

Karibu na kanisa tulipata mkahawa tukanywa chai na vikeki bapa vyenye zabibu kavu, vile vinavyokaangwa juu ya chuma cha moto na kunyunyiziwa sukari. Mama aliyetuhudumia nilimshukuru kwa neno pekee la Kiwelisi nililokuwa nalo, *diolch*, akatabasamu akatuongezea kimoja.

Jioni, kabla ya treni, nilisema turudi bandarini. Njia ya St Catherine ilikuwa imekwisha kufunikwa, mawimbi yanapiga mwamba pale binti alipoweka kiganja. Bandarini mashua zote zilikuwa zimenyanyuka. Niliitafuta ile ya buluu, nikaikuta katikati, imekaa wima juu ya maji, na mzee mmoja anaishushia ndoo.