Siku moja maishani mwangu: natafuta pesa za chuo cha ufundi hapa Busia

Saa 11 alfajiri. Malori ndio saa yangu ya kuamkia. Tunakaa karibu na barabara ya mpakani na madereva wakianza kupasha injini hakuna mtu analala tena. Nashika simu kuangalia nani ametuma mchango usiku. Wametuma wawili, mmoja elfu 20 mwingine elfu 5, na huyu wa elfu 5 ni mama anauza samaki sokoni, binti yake alisomea ushonaji kwetu. Namjibu yeye kwanza, hata mswaki bado.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuchangisha pesa za chuo kidogo cha ufundi hapa Busia upande wa Uganda. Kuchomelea, umeme wa nyumba, ushonaji na makanika wa pikipiki. Tunataka tuchukue vijana wengi zaidi, hasa wale walioachia shule njiani.

Saa 1 na nusu. Napanda boda. Hili neno boda lenyewe lilizaliwa hapa hapa mpakani, enzi za baiskeli za kuvusha watu na mizigo, sasa dunia nzima inalijua. Kijana anayenibeba ananiuliza, mama, ile kozi ya injini ni pesa ngapi, mimi niliishia senior 2, mwaka wa pili wa sekondari, mtanikubali kweli? Nikamwambia hatuulizi cheti cha shule, na akimaliza kuna mtihani wa serikali, ule wa Worker's PAS, unapimwa kazi ya mikono yako sio kuandika insha. Akafurahi, halafu akanyamaza, halafu akasema lakini pikipiki sio yangu, kila jioni lazima nimpe mwenyewe pesa yake, nikikaa darasani siku tano nitampa nini? Sikuwa na jibu. Nikachukua namba yake.

Saa 2 niko karakana. Mashine za kuchomelea ziko nne, mbili ndio zinafanya kazi. Binti mmoja wa kuchomelea, tena ndio mkono mzuri kuliko wote pale, siku tatu hajaonekana. Nampigia, anapokea shangazi yake, anasema mtoto hajaumwa, nauli ndio imeisha. Nauli elfu 4 kwa siku, kwenda na kurudi. Karo yake ililipwa yote! Mtu alijitolea akalipa muhula mzima na tukampigia makofi, na binti bado yuko nyumbani kwa sababu ya elfu 4. Hiki kitu kinaniuma sana jamani. Watu wanadhani karo ndio ukuta, kumbe wengi wetu wanaangukia kwa nauli, viatu vya kazini, oveloli, pesa ya mtihani.

Saa 4. Naenda kwa mzee mmoja mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, nimemfuatilia tangu mwezi uliopita. Ananikaribisha chai, ananiambia mwanangu mimi nimeamua, nitawajengea darasa, mtaandika jina langu mlangoni. Nilishukuru kwa moyo wote, ni mtu mwema, lakini nikamwambia ukweli: mzee, darasa tunalo, tunachokosa ni wa kukaa ndani yake hadi mwisho. Nikamweleza ya yule binti. Akaniuliza kwani mko na wanafunzi wangapi, nikasema 38, akasema ni wachache hao. Nikamwambia mzee, kule Marekani wana vyuo vya jamii, viko vingi, watu wanasoma karibu na nyumbani na wengine wanafanya kazi huku wanasoma, na kile cha kwanza, cha Joliet kule Illinois, kilianza 1901 na wanafunzi 6. Sita tu. Akarudia, sita? Akaita kijana wake wa stoo, akamwambia kila mwezi awatolee hawa pakiti za elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, na glavu, na nauli ya huyo binti niandikie mimi mpaka amalize. Nilitoka pale machozi yananilenga.

Saa 7 chapati na maharage, haraka haraka.

Saa 8 nakaa na laptopu kuandika andiko la mradi, stima ikapotea, nikaendelea kwa daftari. Haya maandiko yana kazi, na ahadi ndio zinachosha zaidi. Kuna kampuni moja ilikuja na cheki kubwa ya karatasi, tukapiga picha, vijana wakavaa sare, na mpaka leo ile pesa haijafika, wanafunzi wananiuliza mimi. Tangu siku ile sitangazi mchango wowote kabla haujaingia.

Saa 11 jioni, mkutano wetu wa kila wiki. Tuliiga kamati za harusi, manake sisi Waganda kwa harusi tunajua kuchanga, kila mtu na ahadi yake na mwenyekiti anakusomea jina mbele ya watu. Nikawaza kama tunaweza kumpeleka bibi harusi na magari, tutashindwaje kumpeleka fundi na oveloli? Leo wamekuja 14, mawakala wa forodha, mwalimu mstaafu, akina mama wa sokoni. Tumekubaliana tufungue mfuko wa nauli na vifaa peke yake, usichanganywe na karo. Hajati mmoja akasema anayeweza alipe moja kwa moja dukani au benki, kwa sababu mchango ukija kwa simu, sisi tukienda kuutoa kuna kodi ya asilimia 0.5, kwa milioni 2 hiyo ni elfu 10 imekwenda, na makato mengine bado. Hiyo elfu 10 ni nauli ya siku mbili na nusu ya mtu wetu.

Saa 3 usiku. Naweka hesabu kwenye grupu la wasapu, kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na picha za risiti. Hata ile elfu 5 ya mama wa samaki iko pale na imeandikwa imenunua nini.

Nikiwa nafunga simu meseji ikaingia, yule kijana wa boda. "Mama, kama mngefundisha Jumamosi na Jumapili tu mimi ningekuja, na wenzangu wa stejini wako watano wanataka." Nikampigia mwalimu wa injini usiku ule ule. Akasema yeye yuko tayari, wikendi stima ndio haiaminiki, tutafute mafuta ya jenereta. Nimefungua daftari ukurasa wa kesho nikaandika juu kabisa: mafuta, lita ngapi, tumuombe nani.