Leo nimekutana na Anofelesi, mbu wa malaria, uso kwa uso

Niko fildi Ifakara likizo hii, maabara ya mbu.

Asubuhi nimekabidhiwa mbu wa mtego wa usiku niwatenganishe.

Shuleni tulikariri mkao: Anofelesi akitua huinua tumbo juu, Kyuleksi, mbu wa aina nyingine, hulala sambamba na ukuta. Sasa hawa wameshakufa, mkao utauona wapi?

Unatazama vipapasio kando ya mrija wa kufyonzea. Vya Anofelesi jike vina urefu sawa na mrija wenyewe.

Halafu mabawa! Yana madoa meusi na meupe, yamepangika kama kanga mpya. Jamani, ni mzuri.

Nikamkodolea macho. Huyu ndiye aliyemlaza mdogo wangu wodini? Nikakasirika kabisa, na maiti!

Mlioko fildi, mmepangiwa nini huko? Tiririkeni.